Mjadala wa Kitabu Huanzia Kwenye Rafu

Kundi la usomaji la maktaba likianza kupungukiwa na watu katika mwezi wake wa tatu, lawama huangukia tangazo: bango lilikuwa dogo, ujumbe ulichelewa, watu siku hizi hawasomi. Mara nyingi tangazo halina kosa. Watu walikuja kuulizia kitabu, wakaambiwa nakala zote zimeazimwa, wakaenda zao. Na yule aliyefika kwenye mjadala bila kusoma aliona aibu, hatarudi.

Kwa hiyo naanza na nakala, maana ndizo zinazoua makundi mengi.

Chukua kundi la watu 12, nakala 4, muda wa kuazima siku 14, na tangazo limetoka wiki 6 kabla. Kwenye karatasi hesabu inakubali: kila nakala inapita kwa wasomaji 3, na 4 mara 3 ni 12. Lakini hesabu hiyo inataka kila mtu arudishe siku ileile ya mwisho, na anayefuata awe tayari amesimama mezani. Mmoja akichelewesha kwa siku 5, wa mwisho kwenye foleni anabaki na siku 9 za kusoma kitabu kizima. Isitoshe, waliosoma wa kwanza walimaliza mwezi mzima uliopita, na wanafika mjadalani wakihangaika kukumbuka majina ya wahusika. Kadiria wasomaji 2 kwa kila nakala, basi. Watu 12 wanahitaji nakala 6. Ukiwa na pungufu ya hapo, chagua kitabu kingine, hata kama hiki ndicho unachokipenda.

Dawa iliyo bora, nakala zikitosha kila mtu, ni kubadilishana palepale: siku ya kujadili kitabu cha sasa, kitabu kijacho kiwe kimeshapangwa juu ya meza karibu na mlango. Mtu anarudisha kile, anachukua hiki, anaondoka na mwezi mzima mbele yake. Ili hilo liwezekane, kitabu lazima kiwe kimechaguliwa miezi miwili au mitatu mapema, na maombi ya nakala kutoka matawi mengine yatumwe mapema vilevile. Tena irekebishe tarehe ya kurudisha iwe siku ya mjadala. Mfumo wa kuazimisha ukiachwa ujiendeshe utampa kila mtu siku 14 zilezile, kisha utamtumia onyo la faini akiwa katikati ya sura ya 6. Nakala moja ibaki maktabani, ibandikwe karatasi ya “kusomea hapahapa”, kwa ajili ya aliyechelewa kujiandikisha.

Kutoa kopi za kitabu kizima kwa mashine si njia ya mkato. Ni kuvunja haki ya mwandishi, na maktaba ndiyo itakayoulizwa. Kwa msomaji asiyeona, mambo ni tofauti: Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu, katika nchi zilizouridhia na kuuweka kwenye sheria zao, kutengeneza nakala ya breli au ya sauti bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye haki. Wakutubi wengi hawakumbuki kuutumia. Ulizia mapema, kwa sababu kurekodi kitabu si kazi ya siku mbili.

Na kama maktaba ina nakala moja tu? Basi soma kwa sauti. Shirika la The Reader, lililoanzia Liverpool, Uingereza, limejenga kazi yake yote juu ya utaratibu huo: hakuna anayesoma nyumbani, kundi linasoma pamoja, linasimama, linazungumza, linaendelea. Hadithi fupi ya kurasa 8 ikisomwa bila haraka inachukua kama dakika 20 hadi 25, na muda unaobaki ni wa maongezi. Binafsi ningeanzisha kila kundi jipya hivi kwa vikao viwili vya mwanzo, hata kama nakala zipo tele. Hapo hakuna aliyemaliza wala asiyemaliza, na watu wanazoeana sauti.

Wazo la jiji zima kusoma kitabu kimoja lilianza Seattle mwaka 1998, kwenye maktaba ya umma, likiongozwa na mkutubi Nancy Pearl. Limeigwa sehemu nyingi, ila waigaji huona mabango na kusahau shehena ya nakala iliyo nyuma yake. Anza na chumba kimoja.

Kuhusu uchaguzi wa kitabu nina msimamo: usiwaachie watu wapendekeze chochote halafu mpige kura. Kura ya wazi huleta kitabu chenye kurasa 600 ambacho wawili wanakitaka sana na maktaba haina. Mkutubi aweke mezani vitabu 3 ambavyo nakala zake zimethibitishwa, kila kimoja kisizidi kurasa 250 au 300, kundi lichague. Kurasa 250 kwa wiki 4 ni kama kurasa 9 kwa siku, na hizo mtu mwenye kazi na watoto anaziweza. Na kitabu kinachosifiwa na kila mtu ni kibaya kwa mjadala. Kitafute kile ambacho mhusika wake anafanya uamuzi ambao nusu ya chumba itautetea.

Sasa maswali. Great Books Foundation, taasisi ya mijadala ya vitabu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1947, inayagawa katika aina tatu: ya ukweli, ambayo jibu lake limo kwenye kurasa, ya tafsiri, ambayo maandishi yenyewe yanaruhusu majibu zaidi ya moja, na ya tathmini, ambapo msomaji anapima kwa maisha na maadili yake. Mwendeshaji mgeni hukimbilia aina ya tatu, kwa kuwa inaleta kelele haraka. Ndani ya dakika 10 kitabu kimesahaulika, watu wanabishana kuhusu malezi ya siku hizi. Nguvu iko kwenye aina ya pili. Badala ya “Je, mama huyu alikosea?” uliza “Ni lini mama huyu alijua kwamba mwanawe anadanganya? Tuoneshe mahali.” Utasikia kurasa zikifunuliwa. Mmoja atasema ni pale kwenye barua, mwingine atasema alijua tangu mwanzo ila alijifanya hajui, na mjadala tayari umeanza, nawe hujasema kitu.

Andaa maswali 8, tegemea kutumia 4 au 5. La kwanza liwe jepesi, kila mtu aweze kulijibu kwa sentensi moja: ni sehemu gani ulisimama ukarudia kusoma? Usianze na “Mlikipenda?”, kwa sababu aliyesema hakupenda ataitetea kauli yake hadi mwisho wa kikao. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Wengi hulirahisisha swali baada ya sekunde tatu, na kundi linajifunza kwamba likisubiri kidogo mwendeshaji atajijibu mwenyewe. Nukuu mahali kwa sura na maneno ya mwanzo wa aya, wala si kwa namba ya ukurasa, maana matoleo hutofautiana na dakika zitapotea watu wakitafutana.

Watu 8 hadi 12 ndio kundi zuri. Wakifika 15, gawa mara mbili, kila kundi na mwendeshaji wake. Panga viti kwa duara, 10 tu, vingine vikae ukutani. Ni afadhali kuongeza kiti kuliko kuwa na vitupu vitano vinavyowaambia waliokuja kwamba wengine wamewasusa. Msemaji asiyenyamaza mkalishe pembeni yako, si mkabala nawe, kwa kuwa kila mnapotazamana anaona amepewa zamu. Wanyamavu usiwaite kwa majina ghafla. Wape watu dakika 3 wazungumze wawili wawili, kisha uliza kila jozi imesikia nini. Ambao hawajamaliza wakaribishwe, na sharti litangazwe mapema: mwisho wa kitabu utazungumzwa nusu saa ya mwisho, asiyetaka kuusikia anaweza kutoka bila kuaga.

Dakika 90 zinatosha. Ila zipangwe ziishe nusu saa kabla ya maktaba kufungwa. Hili hupuuzwa sana: mjadala unaisha watu wakiwa na hamu, wanageuka kwenye rafu, na meza ya kuazimisha imeshafungwa, mlinzi ameshika funguo. Weka chumbani meza yenye vitabu 10 hadi 15 vinavyohusiana na mada, na mtumishi mmoja wa kuviandikisha hapohapo.

Programu nyingine za maktaba nazigusia tu. Saa ya hadithi kwa watoto wa miaka 2 hadi 4 isizidi dakika 25: vitabu 3, wimbo kati ya kimoja na kingine, kitabu kishikwe ubavuni picha zikiwatazama wao. Usichanganye na wa miaka 7, watachoka nao watawachosha wadogo. Kwenye mafunzo ya kompyuta kinachokula muda ni nywila. Mtu amesahau ya barua pepe, namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu aliyoiacha nyumbani. Tangazo liseme waje na simu, na nywila iwe imejaribiwa. Tena pawe na msaidizi 1 kwa kila watu 5, au mwalimu atakwama na wawili wa mbele.

Kiingilio kisiwepo, wala sharti la kununua kitabu. Ilani ya maktaba za umma, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1949 na kurekebishwa mara ya mwisho pamoja na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 2022, inazitaka huduma zitolewe kwa usawa kwa wote, na kimsingi bila malipo. Kundi linalotaka kila mmoja aje na nakala aliyoinunua limeshachuja watu kabla ya kukaa.

Hesabu ya vichwa mlangoni mkuu wako ataitaka, mpe. Lakini kwa matumizi yako rekodi mambo mawili: wangapi wamerudi mara ya tatu, na vitabu vingapi vimetoka kwenye ile meza ya vitabu vinavyohusiana na mada. Orodha ya mahudhurio iwe na majina na mawasiliano tu. Nani aliazima nini ni siri yake, isibandikwe popote.

Yote haya yawekwe kwenye faili moja, si kichwani mwa mkutubi mmoja: orodha ya vitabu vilivyojadiliwa na idadi ya nakala, maswali yaliyofanya kazi na yaliyokufa, namba ya anayeshika ufunguo wa chumba, na tarehe ya mwisho ya kuomba nakala za miezi mitatu ijayo. Mkutubi akihamishwa tawi, anayekuja ataanza na tarehe hiyo.