Mimi O negativu, mume A positivu: nilivyovuka ile mimba

Jamani naandika hii kwa ajili ya dada yeyote aliyeambiwa kliniki damu yake ni negativu akarudi nyumbani hajui aogope nini. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne, nikasafishwa nikaruhusiwa, hakuna aliyenipima grupu wala kuniambia kuna sindano natakiwa kuchoma. Nilikuja kujua mimba ya pili, hapa Morogoro, nesi kaangalia majibu kaniuliza, mama, baba mtoto grupu gani? Mume wangu akapimwa, A positivu. Nesi akanyamaza, mimi nikaanza kutetemeka.

Daktari ndo alinikalisha chini, na mpaka leo namshukuru. Alisema mwilini tuna seli B, hizo ndo zinazaa kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni, na kuna kingamwili za asili ambazo unakuwa nazo hata kama hujawahi kuwekewa damu ya mtu, mfano mimi wa grupu O tangu nina miezi michache mwili ulishaanza kutengeneza za kupinga A na B, kwa sababu bakteria wa tumboni wana sukari zinazofanana na za hizo grupu. Ndo maana mtu wa O akiwekewa damu ya A anaweza kufa. Hizo nyingi ni aina ya IgM, kubwa, hazipiti kondo la nyuma. Ila ya kupinga D, yaani hiyo positivu, ni ya kujifunza, damu ya mtoto ikiingia kwako wakati wa kujifungua au mimba ikitoka seli B zinaishika na hazisahau tena, halafu zinatoa IgG, ndogo, zinavuka mpaka kwa mtoto anayefuata zinamvunjia damu akiwa bado tumboni.

Niliposikia "mimba ikitoka" nililia palepale.

Nikapimwa kipimo cha Coombs, cha kuangalia kama damu yangu ina kingamwili hizo za kupinga D, majibu hasi, mwili wangu ulikuwa haujajifunza! Daktari akasema inawezekana yule wa kwanza alikuwa grupu A, na kingamwili zangu za asili ziliziwahi chembe zake zikazimaliza kabla seli B hazijaiona hiyo D, inatokea hivyo ila si ya kutegemea. Kwa hiyo sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili usijifunze, lazima, wiki ya 28 na nyingine ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua mtoto akiwa positivu.

Famasi zote za hapa hawana. Mume wangu akapanda treni ya SGR alfajiri kwenda Dar, akarudi nayo kwenye kiboksi cha barafu, tena ameizungushia taulo maana inatakiwa baridi ya friji, nyuzi 2 mpaka 8, isigande. Hela tulikopa kikoba, sijutii hata shilingi. Na hiyo dawa inatokana na plazima ya watu wanaojitolea, James Harrison wa Australia alitoa zaidi ya mara 1,100 mpaka alipofikisha miaka 81, namwombea mapumziko mema kila nikimkumbuka.

Nikajifungua salama, mtoto A positivu, nikachomwa ya pili siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi macho ya mtoto yana manjano. Nikajua ni ile D, kumbe hapana, ni zile zangu za kupinga A, sisi akina mama wa O baadhi ya hizo zinakuwa IgG na zinapita. Mama mkwe akasema tumtoe juani, nikamwambia kwa upole, mama, manjano ya siku ya kwanza tumwachie daktari. Akalazwa chini ya taa za bluu siku tatu, namnyonyesha kila baada ya masaa mawili, bilirubini, hiyo inayoleta manjano, ikashuka tukarudi nyumbani.

Sasa hivi nina mwingine tumboni, wiki ya 24, Coombs bado hasi, na kadi yangu ya kliniki nimeandika O NEGATIVU kwa peni nyekundu juu kabisa. Baba mtoto Jumamosi anaenda Dar kufuata sindano.