Usimame wapi mbele ya piramidi

Jumanne, usiku

Nimerudi tena kwa Kant, mwanafalsafa Mjerumani, kwenye ule ukurasa wa piramidi. Mwaka 1790, katika uhakiki wake wa tatu, kitabu kinachopima uzuri na adhama, alitoa shauri linalofanana na maelekezo ya mpiga picha: ukitaka adhama ya piramidi, ule ukuu unaotuzidi, ikuingie, usisogee mno, wala usikae mbali mno. Misri hakuwahi kufika. Jambo hilo alilipata kwa msafiri Mfaransa, Savary. Lakini linapimika.

Chukua ile kubwa ya Giza, ya Farao Khufu. Kimo chake leo ni kama mita 138, na kila upande wa kitako ni kama mita 230. Simama umbali wa kilomita 2, unyooshe mkono, ukunje ngumi. Ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10. Kimo cha piramidi hakifiki hata nusu yake. Unaiona yote kwa mara moja, pembetatu safi, nzuri. Ila mawe hayaonekani, na bila mawe jicho halina cha kuhesabia ukubwa. Sasa sogea hadi mita 150 kutoka kitakoni. Upana unapita nyuzi 70, sharti ugeuze shingo. Jicho linapanda tabaka kwa tabaka, ziko kama 200, na linapofika juu zile za chini zimeshafifia akilini. Papo hapo ndipo pa kusimama. Ukienda hadi kugusa jiwe, umeipoteza tena.

Kwa Kant, kinachotokea hapo ni kazi mbili za akili kuachana. Kupokea kipande baada ya kipande hakuna mwisho. Kuvishika vyote pamoja kuna mwisho, na ukishafika, kila unachoongeza mbele kinakuponyoka nyuma. Kushindwa huko kunauma kidogo. Halafu inakuja furaha, kwa kuwa ndani yetu kuna kitu kinachodai kizima hata pale macho yaliposhindwa kukileta. Uzuri hautudai hivyo. Una mipaka, akili inatulia nao.

Edmund Burke, mwanafalsafa wa Ireland, alipoieleza adhama mwaka 1757, alianzia mwilini: hofu, giza, ukimya, ukubwa. Vitu vizuri kwake ni vidogo, laini, vinavyopinda polepole. Alisisitiza kwamba hatari ikikaribia sana inabaki kutisha tu, na hapo Kant anakubaliana naye. Dhoruba ileile ni adhama kwa aliye nchi kavu; kwa aliye ndani ya mtumbwi ni kuyatoa maji chomboni na kuomba dua. Nadhani Burke anaeleza vizuri zaidi namna hisia inavyoanza, na Kant kwa nini haikomi.

Lugha yetu nayo imelipitia hili. Haiba kwa Kiarabu ni kicho, heshima yenye hofu. Kwetu imelainika ikawa mvuto wa mtu. Lakini kijana akimsifu mchezaji kwa kusema "anatisha", kicho kimerudi kwa mlango mwingine.

Tukirudi kwa jicho linaloshindwa, ndiyo maana picha za piramidi hazisisimui. Lenzi pana inaingiza kila kitu kwenye fremu moja, ikiifanya ile kazi ambayo jicho lilipaswa kushindwa. Ukipiga wewe, kata kilele kibaki nje, na mweke mtu mmoja kwenye tabaka za chini, ambako mawe humfika kiunoni au kifuani.