Tulivyookoa lami ya maegesho yetu South C bila kuing'oa yote

Kazi ya maegesho niliachiwa mimi kwa sababu ndiye mhazini wa kamati ya wakaazi, na kila fundi aliyeingia getini alitaka malipo ya kwanza kabla hata hajainama kutazama chini. Lami yetu ilikuwa imezeeka. Weusi wote ulikwisha ikabaki kijivu, kokoto zikaanza kuchomoza, na mlinzi akifagia asubuhi alikuwa anazoa changarawe badala ya majani. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua la huku halina huruma: linakausha ule unato unaoifanya lami inyumbuke. Ikikauka hupasuka, na ikipasuka maji yanapata njia.

Sasa kwetu maji ni kesi nyingine. South C imekalia ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kule Lavington penye udongo mwekundu, ufa unaweza kungoja. Kwetu ufa wa Machi ni shimo la Mei.

Ndiyo maana nilianza na mtaro, jambo ambalo wenzangu hawakulipenda hata kidogo. Walitaka waone weusi, basi. Mvua kubwa ya Aprili ilipokatika nilivaa gambuti, nikachukua chaki ya mtoto na kuchora mpaka wa kila dimbwi. Jua lilipotoka nikarudi kutazama yapi yamekauka na yapi bado yamelala. Dimbwi sugu kuliko yote lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mfuniko wa mtaro, kwa sababu mfuniko wenyewe ulikuwa umejengwa juu kuliko lami. Maji yalikuwa yanaufikia, yanauzunguka, yanarudi. Vibarua waliushusha, wakazoa mchanga na chupa za plastiki mtaroni, na dimbwi likaisha. Katika kazi yote hakuna kilichotugharimu kidogo kama hicho, na hakuna kilichosaidia zaidi.

Fundi wa kwanza alikuja na jerikani. "Mama, nikipaka hii, kesho hamtaijua." Kabla hajafungua kizibo harufu ilikuwa imeshasema: oili chafu, ile ya kumwagwa kutoka kwenye injini, imechanganywa na dizeli. Ukipaka hiyo lami itang'aa kweli, tena sana, ila oili na dizeli huiyeyusha. Tazama tu chini ya gari linalovuja: unaweza kuichimba lami kwa kisigino. Nilimshukuru nikamsindikiza getini.

Wa pili alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi za barabara. Hakuniuliza pesa. Aliniuliza, "Lori la maji huegesha wapi?"

Hapo nikajua nimepata mtu. Mfereji ukikauka, na hukauka mara nyingi, sisi hununua maji ya lori. Lita 10,000 ni tani kumi za maji peke yake, bado lori lenyewe, na kila lori husimama palepale kando ya tangi la chini. Alinipeleka akapiga sululu kidogo: nyufa zilikuwa zimesukana kama ngozi ya mamba, na chini yake maramu imekuwa uji. "Hapa usipake kitu, Mama. Msingi umekufa." Tulipachimba hadi palipo pagumu, tukajaza maramu mpya, ule udongo wa changarawe wa kujengea msingi wa barabara, na kokoto, tukashindilia, kisha tukaweka kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, zenye unene wa milimita 80, zile za magari mazito. Za 60 ni za magari madogo, na wauzaji wengi watakupa hizo usipouliza.

Mashimo mengine yalizibwa kwa lami baridi ya magunia, ile isiyohitaji kupashwa moto, ila si kwa kumwaga na kukanyaga kwa kiatu kama tunavyoona mitaani. Unakata kingo ziwe wima, shimo liwe na pembe nne, unatoa kila kilicholegea mpaka ukute pagumu na pakavu. Unapaka kuta zake K1-60, emalsheni ambayo asilimia 60 yake ni lami na iliyobaki karibu yote ni maji, halafu unajaza tabaka kwa tabaka huku ukishindilia kwa mashine. Acha kiraka kiinuke kidogo, magari yatamalizia. Nyufa tulizipuliza vumbi kwa kompresa ya jirani yetu wa pancha, aliyedhani tunamtania.

Kijana huyo ndiye aliyenifundisha kwamba emalsheni si moja. K1 huganda haraka, ni ya kugundisha. Ukiichanganya na mchanga inakatika, yaani lami inajitenga na maji, ndani ya ndoo kabla hujaimwaga. Ya kuchanganya na mchanga ni K3, ile ya polepole. Ukiagiza kwa mwenye duka, sema ni ya kazi gani. Na ukiuziwa dawa ya kupaka iliyotoka nje, uliza kama imetokana na lami ya petroli au na lami ya makaa ya mawe. Hiyo ya makaa ina kemikali za kusababisha saratani. Mji wa Austin kule Marekani uliipiga marufuku 2006.

Kupaka kwenyewe, yaani kufunika uwanja wote kwa emalsheni ya K3 na mchanga, tulingoja hadi Januari. Wapo waliosema tupake Julai kwa kuwa hakuna mvua. Kweli haipo, lakini kuna mawingu, baridi na manyunyu ya asubuhi, na emalsheni inahitaji jua ili maji yake yatoke.

Tulipaka nusu ya uwanja kwanza ili magari yapate pa kukaa. Madoa ya oili yalikwanguliwa, yakasuguliwa kwa sabuni na maji moto, na pale lami ilipokuwa imelainika tukakata na kuziba upya. Wakati wa kuchanganya nilisimama pale pale, kwa maana hapo ndipo maji huongezwa na faida ya mtu hupatikana. Inamwagwa ikiwa hudhurungi. Vijana wawili wanaivuta kwa ubao wenye mpira, na baada ya muda unaona weusi ukianzia pembeni, penye jua, ukiingia taratibu hadi katikati. Kabla haijawa nyeusi yote, hakuna kugusa. Mipako ni miwili, myembamba, yenye mchanga laini ili watu na magurudumu yasiteleze. Mmoja mnene hukauka juu, chini ukabaki mbichi.

Kamba tuliifunga, ujumbe tukatuma kwenye kundi la wakaazi, lakini saa moja usiku jirani wa ghorofa ya tatu aliishusha akaingia na Probox yake. Alama za magurudumu ziko hadi leo. Akiulizwa husema ni za mlinzi.

Mistari ya kuegesha, mita 2.5 kwa 5 kila nafasi, ilichorwa baadaye. Kamati sasa inataka tupake kila Januari kwa sababu imependeza. Nimekataa kusaini: tabaka juu ya tabaka hubambuka. Tutapaka tena baada ya miaka mitatu hivi, kokoto zikianza kuonekana. Hadi wakati huo, bajeti ni ya kufungua mtaro kabla ya Machi na Oktoba na kuziba nyufa mpya. Na magari mawili yanayovuja oili yamehamishiwa kwenye kabro kando ya tangi, ambako oili haiyeyushi kitu. Wenyewe wamechukia, maana lori la maji likija ni lazima washuke kuyaondoa.