Meza ya duara na baba mkwe

Tangu niolewe Tukuyu sikuwahi kumwona baba mkwe wangu akila. Nimempikia, nimemtengea, nimeosha vyombo vyake, lakini kumwona akitia tonge mdomoni, hapana. Jumamosi iliyopita tumekula naye meza moja, na mpaka leo nawaza hilo kuliko hata chakula chenyewe, ingawa chakula kilikuwa kizuri sana.

Kwa msomaji asiyejua mila za Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Mkamwana hamtazami mkwewe usoni, hali naye, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nilifundishwa haya nikiwa bibi harusi. Mume wangu alinieleza kwamba zamani vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wangali wadogo wakajenga kijiji chao wenyewe, na huko huko ndiko walikooa na kuishi. Kwa hiyo mke alikuwa na mahali pa kupumua, mkwe yuko kijiji kingine. Vijiji hivyo vya marika vimekwisha. Familia yetu ni ya Moravian, kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, na ibadani tunakaa jengo moja bila shida. Ila chakula hakijaguswa. Baba anakula sebuleni na wanaume, sisi tunakula jikoni na Mama na watoto, na jikoni ndiko kwenye moto na mazungumzo. Wapo rafiki zangu wanaoniambia huo ni unyanyasaji. Sijawahi kuuona hivyo, kwa sababu Baba naye anajinyima: akisikia sauti yangu uani anakohoa kwanza kabla hajatokeza, anipe nafasi ya kujisitiri. Kinachoniuma ni kwamba miaka inakwenda, macho yake yanapungua nguvu, na mimi simfahamu.

Walikuwa wamekuja Mbeya kwa ajili ya hayo macho. Shemeji yangu mdogo, ambaye biashara ya vipuri humpeleka Guangzhou mara kwa mara, akasema hawarudi kijijini kabla hajawatoa. Akachagua mgahawa unaochanganya mapishi ya Kichina, Kihindi na Kithai. Tulikwenda ukoo mzima, na koti juu, maana baridi ya Julai hapa si ya mchezo.

Tukakuta wametuandalia meza kubwa ya duara, katikati yake kioo kinachozunguka. Shemeji akamkalisha Baba kwenye kiti kinachotazama mlango, kwa kuwa kwa Wachina hicho ndicho kiti cha mkubwa. Mimi nikabaki nimesimama na mtoto mkononi. Kiti cha mbali kabisa na Baba ni cha upande wa pili, na nikikaa hapo tungetazamana uso kwa uso mpaka mwisho. Kiti cha karibu ni kugusana viwiko. Meza ya duara haina kona. Wifi yangu mkubwa akapendekeza wanawake na watoto tuhamie meza nyingine, na mhudumu akawa tayari ameshika viti. Baba hakusema neno, alikuwa anatazama mlango.

Mama ndiye aliyeamua. "Mama Neema, njoo hapa." Akavuta kiti cha kushoto kwake, Baba alikuwa kuliani. Mama ni mwanamke wa mwili, na alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta. Alivyokaa katikati yetu, kwangu Baba alikuwa mikono tu: inaingia mezani, inachota, inaondoka.

Vyakula vikaja kwa mpigo. Tambi za kukaanga, wali wa mayai, mchuzi wa Kithai wa tui la nazi na mchaichai, samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke akafunikwa tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Kuku wa pilipili ndiye watoto walimmaliza. Shemeji alisema mapishi hayo yalianzia Kolkata, kwa Wachina wa kabila la Hakka waliohamia India wakaanza kutia pilipili, kitunguu saumu na giligilani kwenye vyakula vyao. Mama alisimama kwenye tofu. Alipoambiwa ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji, aliigeuza na uma juu na chini. Amesaga soya ya uji wa lishe kwa wajukuu wote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inakuwa jibini, wala kwamba ile sosi nyeusi nayo ni soya na ngano zilizochachushwa kwa chumvi kwa miezi.

Baba alikuwa na neno moja tu kuhusu wali. Aliunusa akasema, "Kyela." Mhudumu akakubali, mchele ni wa Kyela, akaongeza kwamba wanaupika leo wakaukaanga kesho, kwa sababu wali wa moto hushikamana kikaangoni. "Kumbe kiporo," Baba akasema, akajiongeza.

Halafu kile kioo kikazunguka. Nilidhani ni watoto, maana walikuwa wamekigeuza mchezo, lakini niliona mkono wa Baba ukingoni mwake, vidole viwili, anakisukuma polepole. Kikapita kwa wifi, kikapita kwa shemeji, yule samaki akasimama mbele yangu. Alikuwa ameshamfungua ubavu mmoja, uti wa mgongo ameuweka kando. Akamwita mwanangu: "Neema, mwambie mama yako ale. Upande huu nimeutoa miiba."

Neema alikuwa ameketi karibu yangu kabisa, na sote tulikuwa tumesikia. Lakini aliniambia neno kwa neno, kwa adabu, nami nikamjibu, "Mwambie Babu nimeshukuru sana." Akalipeleka. Nikamla yule samaki. Mama hakugeuka kushoto wala kulia, alikuwa anakula tofu yake.

Sijui niseme nini kuhusu hilo zaidi ya kwamba nililengwa na machozi, nikasingizia pilipili. Mkwe wangu anaona kwa shida, na alikaa akichambua miiba ya samaki asiyekuwa wake.

Kwenye gari nilimuuliza Mama yeye aliishije na mkwewe. Akasema kila alipomsikia mzee anakuja, yeye aliingia migombani, mpaka mzee apite ndipo atoke. Alimpikia ndizi mpaka alipofariki. Sura yake aliiona vizuri siku ya msiba, na alichomtambulia siku zote ni kikohozi. "Alikuwa mtu mwema," akasema. Nikamuuliza alijuaje. Akanijibu kwamba kila mavuno mzee alikuwa anaacha mkungu mmoja mlangoni kwake, haupiti mwaka.

Sitaki mila hii ifutwe kwa mkupuo kama wanavyotaka vijana wa nyumbani. Sitaki pia mwanangu aje amjue mkwewe kwa kikohozi. Nataka kukaa pale nilipokaa Jumamosi, mama mkwe katikati, na mtoto wa kupeleka maneno akiwepo. Nimemweleza mume wangu, naye amesema jambo la mezani linaanza kwa Mama.

Krismasi tutakuwa Tukuyu. Mama ameshaagiza tangawizi na chupa mbili za sosi nyeusi, anataka tupike samaki wa Ziwa Nyasa kwa mvuke kwenye sufuria kubwa ya shughuli. Nimemuuliza tutamlia wapi, jikoni au sebuleni. Amesema atazungumza na Baba.