Bapa la inchi 24 lilivyonisumbua hadi nikarudi inchi 18

Chensoo yangu (msumeno wa injini) ni ya cc 50, nakatia misonobari huku Mufindi. Nilitaka kumaliza magogo manene kwa mkato mmoja, nikafunga bapa, kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, la inchi 24. Kumbe! Injini inalemewa, mnyororo unapoteza kasi katikati ya gogo, ncha ya bapa inafuka moshi. Meno nilikuwa nimeyanoa asubuhi ileile, nikashuku kabureta. Mwishowe nikaielekeza ncha kwenye kisiki cheupe, nikapiga resi: hakuna hata tone la oili ya kulainisha mnyororo. Pampu ya oili haikumudu urefu ule. Nikafunga inchi 18, na mnyororo unaooana na bapa na giya inayouzungusha. Sasa kisiki kinachorwa mstari wa oili, na chembe za mbao zinaruka nene. Gogo kubwa nalikata kutoka pande mbili.