Mvua Inapokaa Nyuma ya Kitenzi

Masika ya mwaka huu yalinikuta hapa Moshi nikijifunza Kichina, kwa kuwa baadhi ya wageni ninaowapandisha mlimani hutoka China, na swali lao la kwanza kila asubuhi huwa ni la hali ya hewa. Nilijua kwamba yǔ ni mvua na xià ni kushuka. Kwa hiyo matone yalipoanza kugonga bati la kibaraza tulichokuwa tukisomea, nilimwambia mwalimu, kwa kufuata mpangilio wa Kiswahili, "Yǔ xià le." Akatabasamu, akaniuliza ni mvua ipi.

Kosa langu halikuwa la msamiati bali la mahali pa neno. Mchina anayetangaza mvua ambayo bado haijazungumziwa husema "Xià yǔ le": kitenzi hutangulia, mvua hufuata, wala hakuna mtenda anayetajwa, na ile le ya mwisho huonyesha kwamba hali imebadilika. Mvua ikishajulikana, kama ile mliyokuwa mkiingoja ikatike, ndipo hukaa mbele: "Yǔ tíng le", yaani mvua imekatika. Baadaye nilikumbuka kwamba hata sisi tuna "kumenyesha mvua" kando ya "mvua imenyesha", ingawa sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Radi nayo huitwa kwa mtindo huo huo, dǎ léi, ambapo dǎ ni kupiga. Kwetu radi yenyewe ndiyo hupiga, kwao hupigwa, na mpigaji hajulikani. Ukungu, ambao kwetu hutanda, kwao huinuka. Lakini kilichonipendeza zaidi ni upepo, guā fēng, kwa sababu guā ni kitenzi kile kile cha kunyoa ndevu, na yeyote aliyepita ukingoni mwa Kibo alfajiri anajua wembe huo.

Katika maandishi, alama ya mvua, 雨, ina vitone vinne ndani yake, nayo huwekwa juu ya alama nyingine nyingi: theluji ni 雪, radi ni 雷. Chini ya hiyo ya radi kuna umbo ambalo likiandikwa peke yake, 田, humaanisha shamba. Mwalimu alinionya kwamba asili yake katika radi haihusu kilimo hata kidogo, ila mimi niliyekulia migombani ninaikumbuka hivyo hivyo, mvua juu ya shamba, na sijaikosea tena daftarini.