Milner-White: masomo tisa na vioo vya York

Majilio yakikaribia, mawazo yangu humrudia Eric Milner-White. Wengi wetu tunaosali Masomo Tisa kila Krismasi, ibada ya masomo tisa ya Biblia yakipishana na nyimbo, hatumjui hata kwa jina, ingawa utaratibu tunaoufuata ulipita mikononi mwake.

Alitoka vitani, alikokuwa kasisi wa jeshi, na mwaka 1918 akakabidhiwa ibada za kanisa la King's College, Cambridge, Uingereza. Masomo tisa hayakuwa buni yake. Askofu Benson alikwisha kuyaanzisha katika mji wa Truro mwaka 1880, wasomaji wakipanda kwa cheo kutoka mtoto wa kwaya hadi askofu. Milner-White aliyachukua kwa mkesha wa Krismasi wa 1918, akatunga sala ya kufungulia. Humo anawakumbuka wanaofurahi pamoja nasi wakiwa ng'ambo ya pili, kwenye nuru kubwa zaidi. Vita vilikuwa na wiki sita tu tangu viishe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni akina nani.

Mwaka 1919 aliyapanga upya. Somo la kwanza ni Mwanzo 3, Adamu kajificha bustanini. La mwisho ni Yohana 1, watu wote wamesimama. Parokia nyingi hukosea hapa: muda ukibana wanakata manabii, wanabaki na hori na wachungaji. Basi mtoto anazaliwa bila mtu kujua alikuwa akingojewa kwa nini. Kateni beti za nyimbo, masomo yaacheni. Mwenyewe alishikilia kwamba nguvu ya ibada ile iko kwenye masomo, si kwenye muziki.

Kuanzia 1941 hadi kufa kwake 1963 alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la York. Askofu Mkuu ana kiti chake mle, lakini jengo na ibada zimo mikononi mwa mkuu wa kanisa na makanoni, makasisi wanaomsaidia. Vioo vya rangi vilikuwa vimeshushwa kwa kuhofia mabomu, naye akasimamia kuvirudisha. Dirisha la mashariki pekee, kazi ya John Thornton ya 1405–1408, lina paneli 311. Kwa karne nyingi, kioo kikivunjika, mafundi waliziba kwa kipande chochote kilichoenea, na kila ufa wakaupitishia ukanda wa madini ya risasi, mpaka uso wa malaika ukaonekana kama uko nyuma ya wavu.

Sehemu kubwa ya dirisha hilo inasimulia kitabu cha Ufunuo. Milner-White alikisoma aya kwa aya, akatafuta kila tukio kwenye kioo, akatoa vipande vigeni, akajaza kwa vioo vya kale. Jicho lake lilikuwa kali. Lakini hapa sikubaliani naye: kioo cha kale kutoka dirisha jingine bado ni kigeni, na kikishafungwa kwa risasi humtambui mwenyeji na mgeni. Mafundi walioikamilisha kazi mpya ya kulikarabati dirisha mwaka 2018 iliwabidi wachambue upya, kipande kwa kipande, kipi ni cha Thornton na kipi kiliongezwa baadaye. Kwa nje sasa kuna kioo cha pili kinachozuia miale ya jua, na mvua haigusi tena rangi ya Thornton.